ILE PARABOLE KUBWA NYUMA YA MAABARA: NI KITU GANI, NA INAWEZA KUPONA?



Kila mtu anayepita nyuma ya maabara ameiona: sahani kubwa ya wavu wa chuma, majani ya mwitu yameipanda, imetazama juu kama karai lililosahauliwa mvuani. Wadogo zetu wa darasa la kwanza wanaanikia nguo pale. Sasa kumetoka neno kwamba iuzwe kwa wale wanaoyeyusha aluminiamu na kutengeneza sufuria, ili bei yake inunue madawati. Madawati tunayahitaji kweli, hatubishi. Lakini mtu hauzi kitu kabla ya kujua ni nini. Kwa hiyo siye wa mwaka wa mwisho tulichukua kamba, mita na daftari, tukaenda kuipima.

Wengi wanasema: "Hiyo ni ya zamani, ya wakati wa analojiki, imekwisha." Hapo tusikilizane vizuri. Parabole ni kioo tu. Kazi yake ni kukusanya mawimbi na kuyarudisha yote mahali pamoja, pale kilipo kichwa. Kioo hakijui kama anayejitazama ndani yake ni mzee ao kijana. Kinachozeeka ni kichwa, pamoja na dekodere iliyokaa ndani ya nyumba. Ile dekodere ya zamani kweli imekufa, chaneli zimekwisha kuhamia dijitali. Sahani yenyewe haikuhama popote.

Kwa nini ni kubwa hivi? Setilaiti za zamani zilituma kila chaneli kwa nguvu ya wati chache tu, kama taa ndogo ya chumbani, na mwanga huo ukatawanyika juu ya Afrika nzima. Aliye chini alipaswa kuweka chombo kipana ili kukusanya kidogo kinachofika. Yetu ina upana wa mita 3 na sentimita 20. Ile ndogo ya sentimita 80 inayoonekana mjini inaingia ndani yake mara 4 kwa upana, maana yake mara 16 kwa eneo. Na mvua ya Maniema mnaijua. Mawimbi ya parabole ndogo yana urefu wa sentimita 2 na nusu hivi, mvua kali inayameza na picha inakatika. Ya hii kubwa, ya gigahezi 4, yana sentimita 7 na nusu, nayo yanapita mvuani bila taabu nyingi.

Wengine waliuliza: mbona ina matundu, mawimbi hayatapita? Wavu wa mvuvi wa Lualaba unaacha maji yapite, samaki mkubwa anabaki. Matundu yetu ni ya milimita 4, wimbi lina milimita 75. Halipiti. Upepo ndio unaopita, na hiyo ndiyo sababu dhoruba zote hizi hazikuiangusha.

Kisha tukatafuta kama bado ina umbo lake. Funga kamba mbili toka ukingo hata ukingo, zikatane katikati kama msalaba. Sahani ikiwa nzima, kamba zinagusana polepole tu. Zikiachana, ukingo umepindika. Zetu ziliachana milimita 11, na kwa wimbi la milimita 75 tusingependa kosa lipite milimita 5. Kumbe kati ya vipande 12 vya sahani, viwili vimebonyea, upande ule ule wa nguo.

Kipimo cha pili ni kina. Toka kwenye kamba hata chini katikati tulipata sentimita 50. Sasa hesabu: upana mara upana, gawanya kwa kina mara 16. Yaani 320 mara 320 ni 102.400, 50 mara 16 ni 800, jibu ni sentimita 128. Hapo ndipo mawimbi yote yanapokutana. Tulipopima, mdomo wa kichwa cha zamani uko kwenye sentimita 127. Aliyeiweka alikuwa fundi, na miguu ile mitatu hatuna haja ya kuibadilisha.

Ilikuwa inatazama wapi? Setilaiti za namna hii zinakaa juu ya ikweta, kilomita 35.786 toka ardhini, zikizunguka sawa na dunia, basi kwetu zinaonekana zimesimama. Kasongo iko digrii 4 na nusu tu Kusini ya ikweta, ndiyo maana parabole za kwetu zinainua uso juu sana, hali za Ulaya zinatazama pembeni. Na jua linatusaidia: karibu na tarehe 21 mwezi wa tatu, na tena mwezi wa tisa, linapita nyuma ya mstari wa setilaiti. Tulipokwisha kukata majani tulingoja siku ile. Saa nane na nusu mchana kivuli cha kichwa kilianguka katikati kabisa ya sahani. Tukafanya hesabu: Magharibi, kidogo Kaskazini, digrii 58 juu, yaani setilaiti iliyo juu ya meridiani 0 ao karibu yake. Wenzetu wa Kabambare wasichukue namba hiyo kama ilivyo. Kwao, digrii moja zaidi Mashariki, inakuwa 57, na sahani pana hivi ikikosa digrii moja inapoteza setilaiti.

Si siye wa kwanza kutazama chuma cha zamani namna hii. Kule Kuntunse, karibu na Accra nchini Ghana, kulikuwa na parabole ya mita 32 ya kupitisha simu za ng'ambo. Nyaya za chini ya bahari zilipochukua kazi hiyo, ikaachwa. Mafundi wa Ghana na wa Afrika ya Kusini waliisafisha, wakabadilisha kichwa na mitambo, na mwezi wa nane 2017 ikafunguliwa upya kama darubini ya redio ya kusikiliza nyota. Yetu haitasikiliza nyota, lakini kazi ni ya namna ile ile.

Kazi yenyewe: kung'oa majani, kufukuza manyigu waliojenga ndani ya kichwa, kuzibua tundu la maji chini, kunyosha vile vipande viwili juu ya mbao kwa nyundo ya mti, kusugua kutu ya nguzo na kupaka rangi. Rangi isiwe ya kung'aa hata kidogo, kwani siku za jua lile sahani itakusanya joto pia na kuunguza kichwa. Vya kununua ni vitatu: kichwa kipya cha gigahezi 4, dekodere ya dijitali ya chaneli za bure, na mita 30 za waya. Parabole ndogo mnayoisifu inataka pesa kila mwezi.

Uamuzi ni wa Bwana Prefe na komite ya wazazi. Daftari la vipimo liko kwa mwalimu wa fizika, asiyeamini aende na kamba yake. Kwa sasa tunaomba nguo zitafutiwe mahali pengine.