Gari la kwanza la familia kubwa: hesabu kilo kabla ya kuhesabu viti

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ila riziki na ndoa vimenifikisha Kakamega. Mke wangu ni wa Mumias, tuna watoto watano, na mama mkwe anaishi nasi. Mamangu yuko Mombasa. Magoti yamemchoka, hawezi tena safari ya kilomita zaidi ya 850, kwa hivyo ni sisi wa kumfuata.

Idi moja tuliazima gari la viti saba kwa jamaa yetu. Tukaingia wanane, mdogo akapakatwa, na nyuma tukapakia gunia la mahindi, maharagwe, mkungu wa ndizi na masanduku ya nguo. Tulipopita Mtito Andei tairi la nyuma likapasuka. Alhamdulillahi gari halikupinduka. Tulikaa kando ya barabara malori yakitupita, mke wangu amemkumbatia mtoto, hasemi neno. Alipofungua kinywa alisema moja tu: "Baba watoto, mwanangu hapakatwi tena ndani ya gari."

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta gari letu wenyewe. Nimejifunza mambo ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia mapema, na najua wapo wengi kwetu walio katika hali hii.

Swali la kwanza

Kijana wangu mkubwa alikuwa ametazama kwenye simu familia za Ulaya na Marekani zinazovuta nyumba ya magurudumu nyuma ya gari, na akataka na sisi tuwe nayo, tulale njiani. Nilimwambia kwa nyanya vitanda vipo, haja yetu ni kufika. Lakini swali wanaloanza nalo wale watu ni zuri, nasi hatuliulizi: gari linabeba kilo ngapi? Sisi huuliza lina viti vingapi, basi.

Gari likitoka Japan huja na cheti kinachoonyesha uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni uzito wa gari tupu. Wa pili ni uzito wa jumla, gari likiwa na watu. Kule, kila kiti huhesabiwa kilo 55. Kwa hivyo gari la viti saba limehesabiwa kilo 385 za watu, na la viti vinane kilo 440. Toa uzito mdogo kwenye mkubwa utaona.

Nikachukua mizani ya bafuni nikapima nyumba nzima. Mimi kilo 84, mke wangu 70, mama mkwe 66. Watoto ni 60, 50, 28, 20 na 12. Jumla ni kilo 390. Hata kwa gari la viti vinane, tumebakiwa na kilo 50 tu za mizigo yote. Gunia moja la mahindi ni kilo 90. Na lile gari la jamaa lilikuwa la kilo 385, yaani tulilizidisha kabla hata ya kuweka kikapu. Tairi halikuwa na kosa.

Ukumbuke pia kwamba familia haikui kwa idadi peke yake. Huyu wa kilo 28, miaka michache ijayo atakuwa wa 50. Ukinunua gari linalowatosha leo kwa kubanana, umenunua gari la mwaka mmoja.

Wazee wetu waliokuwa wakitoka pwani na misafara hadi Mumias, enzi za Nabongo Shiundu na mwanawe Mumia, hawakuanza safari bila mizani. Mzigo wa mpagazi ulipimwa, kiasi cha frasila mbili hivi, kama kilo 32. Walijua mzigo ukizidi, msafara haufiki.

Gari gani sasa?

Magari yanayozungumzwa sana mitaani kwa familia kama yetu ni manne. Toyota Sienta lina viti saba na injini ya 1,500 cc. Linakunywa mafuta kidogo, na ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi 1,500 cc ni nafuu kuliko ya juu yake. Lakini siti za nyuma zikitumika, buti halibaki na nafasi ya maana. Linawafaa wenye watoto wadogo wanaozunguka karibu.

Toyota Wish nalo ni la viti saba, liko chini na limetulia barabarani. Lakini liliacha kutengenezwa 2017, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo Wish utakalopata leo limeshatumika hapa hapa, na huenda limepita mikono mingi.

Noah na Voxy ni ndugu, injini zao nyingi ni za 2,000 cc, milango ya pembeni ya kuteleza. Angalia kwa makini: mengine yana viti saba na mengine vinane, na kwa nje yanafanana. Usimwamini dalali, ingia ndani uhesabu mikanda. Kila mtu awe na mkanda wake, na mtoto mchanga awe na kiti chake kilichofungwa barabara.

Barabara yetu

Kutoka Kakamega tunashuka Kisumu, tunapanda Kericho hadi Mau Summit, kisha ule mteremko wa Salgaa kuelekea Nakuru, ambao umemaliza watu wengi. Gari lililojaa likishuka kwa breki peke yake, breki hupata moto na kulegea. Weka gia ya chini tangu juu, injini ilizuie gari.

Halafu kuna matope. Kakamega ni nchi ya mvua, msitu wake ndio uliobaki nchini wa jamii ya misitu ya Kongo, na jioni nyingi hunyesha. Noah nyingi husukumwa na magurudumu ya mbele. Ukirundika mzigo mzito nyuma kabisa, mbele panakuwa pepesi, na kwenye mlima wa utelezi njia ya Shinyalu magurudumu yatazunguka bure. Kizito kiwekwe chini, karibu na katikati. Keria ya juu ni ya vyepesi, kwani uzito wa juu huyumbisha gari kwenye kona.

Upepo wa tairi usikisie. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema kiasi. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi.

Kabla ya kutoa pesa

Tafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen, jina la mwenye gari lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Namba ya chesisi ilingane na logbuku. Kwa gari la Japan, tazama cheti chake: tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza imo. Chukua fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Mimi nilionyeshwa gari moja ambalo geji yake ilisema kilomita chache, lakini pedeli ya breki ilikuwa imelika hadi kwenye chuma. Fundi alinigusa bega tukaondoka.

Mwisho, usimalize akiba yote kwenye bei. Weka kando pesa za bima, tairi nne na sevisi ya kwanza. Tairi za gari lililotumika huenda zina sura nzuri na zimezeeka. Mwaka wa tairi umeandikwa ubavuni: tarakimu nne, mbili za mwisho ndizo mwaka.

Sisi tulichukua Noah la viti vinane, lililotumika. Lilituchukua mwaka mzima zaidi kuliko tulivyopanga kukusanya pesa, na mke wangu hakuharakisha. Idi iliyofuata tulifika Mombasa baada ya siku mbili, tukalala Nairobi njiani. Kila mtoto alikuwa na mkanda wake.

Mamangu aliwahesabu mmoja mmoja mlangoni, kisha akachungulia buti akauliza, "Na mahindi yangu?" Nikamwambia, mama, yanakuja kesho kwa basi.