Kikuza sauti: Sanduku moja au mawili?

Kuna swali lisilokosa kuzuka pale walimu wapenzi wa muziki wanapokutana katika chumba cha walimu, hasa ikiwa mmoja wao amepata mkopo wa chama cha akiba na fedha zinamwasha mfukoni. Je, anunue kikuza sauti kilicho kamili ndani ya sanduku moja, ama anunue vyombo viwili vilivyotenganishwa na kuunganishwa kwa nyaya? Muuzaji ana jibu lake, na aghalabu jibu hilo huwa upande wa bei kubwa. Wapo pia wajuzi wa mtaani wanaoshikilia kwamba mtu hawezi kudai anasikiliza muziki mpaka rafu yake ijae masanduku. Nadhani wakati umewadia wa kuyapima madai hayo kwa mizani ya fizikia badala ya mizani ya fahari.

Kwanza tuelewane kuhusu vyombo vyenyewe. Kikuza sauti, ambacho wengi wetu hukiita amplifaya, kina kazi mbili zisizofanana. Kazi ya kwanza ni kupokea mawimbi dhaifu ya umeme kutoka kwa redio, kaseti au santuri, kuchagua kimoja kati ya vyanzo hivyo na kupandisha au kushusha sauti kama msikilizaji apendavyo. Kazi ya pili ni kuyapa mawimbi hayo nguvu za kuisukuma spika. Chombo cha kazi ya kwanza nitakiita kidhibiti, na cha kazi ya pili nitakiita kikuza nguvu. Vikiwa pamoja katika sanduku moja, hicho ndicho kikuza kamili.

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuona kwa nini kazi hizi mbili huwa majirani wasiopatana. Sindano ya kawaida ya santuri hutoa takriban milivolti 5 tu. Spika ya omu 8 ikitaka kupewa wati 20, tunazidisha 20 kwa 8, tunatafuta kipeuo cha pili, nasi tunapata volti 12.6 na ushei. Kutoka milivolti 5 hadi hapo ni kukuza zaidi ya mara 2,500. Sasa weka ule mnong'ono wa sindano sentimita chache kutoka kwenye transfoma kubwa inayotetema kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Uga wa sumaku wa transfoma hupenya katika nyaya za mnong'ono, nao mvumo unaozaliwa hapo hukuzwa mara zile zile 2,500. Hiyo ndiyo hoja halisi ya kutenganisha. Haikubuniwa na wauzaji, na yeyote anayeidharau hajawahi kufungua chombo cha aina hiyo akaona wahandisi wanavyohangaika kuiweka transfoma pembeni kabisa.

Historia yenyewe inalithibitisha jambo hilo. Huko Uingereza, Peter Walker, mwanzilishi wa kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Quad, alitoa mwaka 1953 kikuza nguvu cha Quad II chenye wati 15. Kilitumia vali za kioo, na vali huwaka kwa joto kama jiko la makaa. Nani angependa chombo cha namna hiyo kiwe karibu na mkono wake kila anapotaka kupunguza sauti? Basi kikuza nguvu kilifichwa chini ya kabati, na kidhibiti, chombo chepesi kisicho na joto jingi, kikawekwa mahali pa kufikika. Lakini msomaji azingatie jambo moja ambalo wapenda masanduku husahau kulitaja: kidhibiti cha Quad 22 kilichofuata kilikuwa kikipokea umeme wake kutoka kwa kikuza nguvu hicho hicho. Vilikuwa viwili kwa umbo, ila vilikula chungu kimoja. Kilichovitenganisha ni joto na mahali pa kuviweka. Utukufu haukuhusika.

Transista zilipochukua nafasi ya vali, joto likapungua na vyombo vikawa vidogo. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa kikuza kamili kilichopewa jina la 3020, kazi ya mhandisi Erik Edvardsen. Kilikuwa na wati 20 tu kwa kila upande, sura yake ilikuwa ya kijivu isiyovutia, na bei yake ilikuwa ya mtu wa kawaida. Hata hivyo kilisifiwa na wahakiki waliozoea vyombo vya bei mara kadhaa ya hiyo, na hadi leo hutajwa kila mjadala huu unapofufuliwa. Siri yake haikuwa muujiza. Edvardsen aliielekeza fedha mahali pa maana: saketi ya sindano iliyotulia, na sehemu ya nguvu ambayo kwa muda mfupi iliweza kutoa wati nyingi kuliko zile zilizoandikwa, kwani muziki haudai nguvu sawa wakati wote bali huja kwa vishindo. Sanduku moja lina maana ya bati moja, transfoma moja, waya mmoja wa stima na katoni moja ya kusafirishia. Mnunuzi wa masanduku mawili hulipia vitu hivyo mara mbili kabla hajalipia sauti.

Hapo ndipo tunapofika kwenye wati, neno linalotumiwa kuwahadaa watu kuliko jingine lolote katika biashara hii. Mtu ana kikuza cha wati 20, anaambiwa akinunua cha wati 40 atasikia maradufu. Si kweli. Nguvu zikizidishwa mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 pekee, tofauti inayosikika lakini isiyomshtua mtu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, yahitajika nyongeza ya desibeli kama 10, yaani nguvu mara kumi: kutoka wati 20 hadi 200. Upande wa pili, spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja ikiwekwa mahali pa ile inayotoa 87, umepata zile desibeli 3 bila kugusa kikuza sauti hata kidogo. Katika sebule ya nyumba ya mwalimu, jirani akiwa nyuma ya ukuta, usikilizaji wa kawaida hautumii hata wati moja kamili. Basi mtu mwenye fedha za sanduku la pili afadhali azipeleke kwa spika, na zikibaki anunue pazia zito na mkeka, kwa maana chumba chenye sakafu ya saruji na kuta tupu huiharibu sauti kuliko kikuza sauti chochote kinachouzwa kwa uaminifu.

Fauka ya hayo, masanduku mengi huleta matatizo yao. Kila chombo chenye plagi ya pini tatu kimeunganishwa na ardhi. Vyombo viwili vya namna hiyo vikiunganishwa tena kwa waya wa sauti, hutokea duara la waya ambalo umeme wa ardhini huzunguka ndani yake, na spika ikaanza kuvuma. Mtu aliyetenganisha vyombo ili kuukimbia mvumo hujikuta ameualika upitie mlango mwingine. Kuna wanaoikata pini ya ardhi ili kuuondoa mvumo huo. Huo ni ujinga wa kuhatarisha maisha, na mwalimu wa sayansi anayeuona ukifanywa mbele ya wanafunzi hana budi kuukemea.

Watetezi wa vyombo tenganishi hawakosi hoja. Mwenye spika nzito za omu 4 zisizoitika upesi, au mwenye ukumbi mpana, anaweza kuhitaji kikuza nguvu kikubwa ambacho hakitoshi pamoja na kidhibiti katika sanduku moja. Hilo nalikubali. Hoja ya pili, kwamba kimoja kikiharibika utabaki na kingine, huwa inanichekesha. Kidhibiti kisicho na kikuza nguvu ni dereva asiye na gari. Vyote viwili vitalala kimya mpaka fundi amalize.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo mimi mwenyewe ningelitenga bila kusita, nalo ni chochote kinachozeeka upesi kuliko vingine. Siku hizi vikuza kamili vingi huja na kompyuta ndogo ndani yake ya kupokea muziki wa intaneti na wa simu. Saketi ya kukuza sauti ikitunzwa yaweza kuishi miaka 30, na vile vya NAD vya 1978 vipo vingine vinavyofanya kazi. Programu za intaneti haziishi hivyo. Baada ya miaka michache huduma hubadilishwa au mtengenezaji huacha kushughulikia modeli ya zamani, na mnunuzi akabaki na chombo kizima chenye kichwa kilichokufa. Kifaa hicho kikiwa nje, kwenye kisanduku chake cha bei nafuu, kitabadilishwa pasipo kugusa kikuza sauti.

Jambo la pili la kutenga linawahusu zaidi walimu wa Kiswahili. Wengi wetu tumemfahamu Siti binti Saad kupitia wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, ilhali ni wachache waliowahi kumsikia. Santuri zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na ni za mizunguko 78 kwa dakika. Msomaji huenda hajui kwamba santuri haichongwi jinsi sauti ilivyo: besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kisha kikuza sauti hurudisha kila kitu mahali pake. Kanuni ya kufanya hivyo iliyokubaliwa na kampuni nyingi, inayojulikana kama RIAA, ilianza kutumika mwaka 1954. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na yake. Tundu la santuri lililomo ndani ya kikuza kamili hufuata kanuni ya 1954 peke yake, hivyo ukipiga humo santuri ya 1928 hupunguza sauti nyembamba ambazo hazikuwa zimeongezwa. Sauti ya mwimbaji hufifia kana kwamba anaimba akiwa amefunikwa kwa blanketi, na herufi kama s na sh humezwa, nazo ndizo mwanafunzi wa fasihi anazozitafuta ili ayapate maneno. Kwa maktaba au chuo kinachotaka kuhifadhi santuri za namna hiyo, kikuza cha sindano kilicho peke yake, chenye kuruhusu kuchagua kanuni, si anasa. Ni kifaa cha kazi, pamoja na sindano pana zaidi, kwani mifereji ya santuri hizo si myembamba kama ya zile za baadaye.

Kwa anayetafuta mtumba, atazame kwanza kibandiko cha umeme kilicho nyuma. Chombo kilichotengenezewa soko la Ujapani ni cha volti 100. Kikichomekwa kwenye volti 240 zetu kitatoa moshi kabla ya muziki. Halafu atafute matundu mawili yanayokitoa kidhibiti nje na kukirudisha kwa kikuza nguvu. NAD 3020 ilikuwa nayo, yakiwa yameunganishwa kwa vipande vifupi vya chuma. Ukivichomoa, sanduku moja linakuwa mawili, na siku utakapohitaji nguvu zaidi utaongeza kikuza nguvu cha nje bila kutupa ulichonacho. Vipande hivyo ni vidogo na hupotea kwa urahisi, na visipokuwepo chombo hakitoi sauti yoyote. Basi ukikuta kimoja kinauzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu eti kimekufa, angalia nyuma yake; huenda kinachohitajika ni nyaya mbili fupi.