Je, Wajua? Makopo ya Nyegezi na Karai la Zege

Je, wajua kwamba plastiki ya chupa ya maji huzama, lakini ya kizibo chake huelea? Katika stendi ya mabasi ya Nyegezi, hapa Mwanza, hutakosa makopo matupu. Chukua moja, likate vipande vidogo kwa mkasi, kata na kizibo, kisha vyote vitie kwenye beseni la maji na uvikoroge. Vipande vya chupa vitakwenda chini, vya kizibo vitabaki juu. Chupa imetengenezwa kwa plastiki iitwayo PET, ambayo sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1.38 hivi. Kizibo ni polithilini au polipropilini, na hizo hazifiki gramu 1. Viwanda vya kurejeleza plastiki huzitenganisha kwa njia hiyohiyo, ila wao hutumia matangi makubwa. Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria maana yake ni nzito: takataka tunazoziona zikielea ufukweni ni sehemu tu ya zilizoingia ziwani. Chupa iliyofungwa huelea kwa sababu ya hewa iliyo ndani. Ikipasuka, inakwenda chini na hatuioni tena.

Samaki huiona. Watafiti walinunua sangara 20 na sato 20 hapa Mwanza, wakapasua matumbo yao na kuyachunguza. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalithibitisha chembe za plastiki katika samaki mmoja kati ya kila watano, kwa sangara na kwa sato vilevile. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa aina yake katika Maziwa Makuu ya Afrika, na ulitoka kwenye samaki wa soko letu wenyewe.

Ndiyo maana swali la kuichanganya plastiki na saruji, badala ya kuiacha iingie ziwani, linatuhusu. Linasikika jepesi: saga makopo, punguza mchanga, changanya, piga tofali. Lakini je, wajua kwamba saruji haishiki kwa kukauka? Hushika kwa kuungana na maji, na ndiyo sababu fundi anayejua kazi yake humwagilia tofali siku kadhaa. Plastiki haipendi maji. Uji wa saruji hung'ang'ania chembe ya mchanga, ila kwenye kipande laini cha kopo hauna pa kujishikiza. Hapo kati hubaki mwanya mdogo, na mzigo ukizidi, ufa huanzia hapo. Kadiri plastiki inavyoongezeka, ndivyo nguvu ya zege inavyoshuka.

Kipimo, basi, ndicho chenye siri. Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza, kikishirikiana na chuo cha uhandisi cha Goa nchini India, kilijaribu kuondoa asilimia 10 ya mchanga na kuweka plastiki iliyosagwa badala yake. Chembe za chupa za PET zilizopangwa kwa ukubwa unaolingana na wa mchanga ndizo zilizofanya vizuri zaidi, na zege lilibaki na nguvu inayokaribia ya kawaida. Watafiti hao walikadiria kuwa njia hiyo ingeweza kuokoa tani milioni 820 za mchanga duniani kila mwaka. Mchanga nao si wa bure: Umoja wa Mataifa unasema dunia huchimba tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka.

Mimi ningeanza na bloku za ukuta usiobeba mzigo, na pevingi za uani. Nguzo, linta na slabu hapana, mpaka mhandisi avunje vipande vya majaribio maabara baada ya siku 28 na kuona namba. Nyumba ya mtu si mahali pa kubahatisha.

Na pevingi za Nairobi zinazosifiwa sana je? Hizo hazina saruji kabisa. Nzambi Matee, aliyetuzwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020, huchanganya plastiki na mchanga kwa joto, kisha hushindilia kwa mashine. Plastiki yenyewe ndiyo gundi. Asije mtu akaiga hilo kwa pipa na kuni nyuma ya nyumba. Kipande cha bomba la PVC kikiingia humo, hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni nyavu. Nyegezi ina chuo cha uvuvi, na mialoni ya ziwa hili haikosi nyavu kuukuu za nailoni. Mwaka 2015 watafiti wa Italia walichapisha majaribio ya kukata nyuzi za nyavu zilizotupwa na kuzichanganya na mota ya saruji. Mota iliyokuwa ikivunjika mara moja kama biskuti ilianza kuvumilia: ilipopata ufa, nyuzi ziliendelea kuzishika pande mbili. Hapa plastiki haikuwekwa mahali pa mchanga. Ilipewa kazi inayoiweza, ya kuvutwa, kazi ambayo huishinda saruji. Nyavu za Mwanza zinastahili kujaribiwa hivyo, na chuo kiko hapahapa.

Tena, je, wajua kwamba kuna plastiki inayotiwa kwenye zege makusudi ili iyeyuke? Moto mkali ukilipiga zege zito, maji yaliyomo hugeuka mvuke, hukosa njia, na zege hurukaruka vipandevipande kwa kishindo. Moto wa Novemba 1996 uliharibu vibaya njia ya reli iliyo chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Siku hizi kuta za mahandaki mengi hutiwa nyuzi nyembamba za polipropilini, kilo 1 au 2 tu kwa mita ya ujazo. Joto likifika nyuzijoto 160 na ushei, nyuzi hizo huyeyuka na kuacha vijitundu vya mvuke kupitia. Polipropilini ndiyo hiyohiyo ya viroba vya sandarusi.

Hata nepi zimejaribiwa: huko Indonesia, mwaka 2023, watafiti walitangaza nyumba ndogo ya mita 36 za mraba iliyojengwa kwa zege na mota zilizotiwa nepi za watoto zilizotumika, zikiwa zimefuliwa, kuuliwa vijidudu na kukatwakatwa. Kwa nyumba nzima, nepi zilichukua hadi asilimia 8 ya ujazo wa zege na mota, mahali pa mchanga.