Upasuaji wa kupunguza uzito: mkazi wa Ndanda achague upi?

Na Mwandishi Wetu, Ndanda

Mkazi wa Ndanda anayekusudia kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito ana maamuzi mawili mbele yake, ingawa mara nyingi huulizwa moja tu. La kwanza ni aina ya upasuaji. La pili, ambalo halizungumzwi sana, ni namna atakavyoishi na upasuaji huo miaka 10 baadaye, akiwa zaidi ya kilomita 500 kutoka kwa daktari aliyemfanyia.

Hapa nchini huduma hizi zimeanza kusikika sana katika miaka ya karibuni, hasa baada ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, kuanza mwaka 2022 kuwawekea wagonjwa puto tumboni, na baadaye kuingia katika upasuaji wenyewe wa kupunguza mfuko wa tumbo. Tangu hapo neno “puto” limefika hadi vijiweni Masasi na Newala, na wengi hulitumia kwa kila kitu kinachohusu kupunguza mwili. Matumizi hayo yanapotosha, kwa kuwa puto si upasuaji, na upasuaji nao una aina zake.

Kwanza, nani anastahili? Kipimo cha kuanzia ni uwiano wa uzito na urefu: uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 105 ana uwiano wa 41. Kwa miaka mingi tangu 1991 mwongozo uliofuatwa na wengi duniani ulitaka uwiano wa 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoambatana na unene kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilishusha kiwango hicho: 35 hata bila maradhi mengine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili au maradhi ya namna hiyo. Anayetaka tu nguo imkae vizuri kwenye harusi hayumo katika makundi haya, na daktari mwaminifu atamweleza hivyo.

Puto huingizwa kwa mdomo, kwa msaada wa kamera nyembamba, kisha hujazwa maji au hewa ili mgonjwa ashibe upesi. Hakuna kisu wala nyuzi. Hukaa tumboni kwa takriban miezi 6 hadi 12 kufuatana na aina yake, kisha hutolewa. Wengi hupungua kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wao. Udhaifu wake umo katika neno “hutolewa”, kwani puto likishatoka, njaa hurudi na uzito nao hurudi kwa wasiobadili mlo. Linafaa zaidi kwa mwenye unene wa wastani, au kwa mgonjwa mzito mno anayehitaji kupungua kwanza ili upasuaji mwingine uwe salama. Kwa mwenye uwiano wa 45 na kisukari, kulitegemea puto peke yake ni kutumia fedha za msimu mzima wa korosho kwa nafuu ya mwaka mmoja.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani leo ni ule wa kukata sehemu ya mfuko wa tumbo. Kwa njia ya matundu madogo, daktari huondoa takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko huo na kuacha kama bomba jembamba. Utumbo hauguswi. Pamoja na kupunguza nafasi ya chakula, sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya kuamsha njaa, hivyo hamu ya kula hushuka. Mgonjwa hupungua takriban robo ya uzito wake wote, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika mwaka wa kwanza hadi mwaka na nusu. Kilichokatwa hakirudishwi. Ubaya wake mkubwa ni kiungulia: bomba hilo jembamba lina shinikizo kubwa ndani yake, na tindikali hupanda kooni. Mwenye kiungulia kikali kabla ya upasuaji ana hatari ya kukiona kikizidi.

Aina ya pili ni kuunganisha tumbo na utumbo kwa njia ya mkato. Historia yake ni ndefu kidogo. Daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, aliuanzisha katika miaka ya 1960, naye alikuwa ameona wagonjwa waliokatwa tumbo kwa sababu ya vidonda wakikonda na kubaki wakiwa wembamba. Daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, cha ujazo wa takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mabadiliko hayo hugeuza homoni za utumbo kiasi kwamba sukari ya damu huanza kushuka kwa wagonjwa wengi siku chache baada ya upasuaji, kabla hata kilo hazijapungua. Kiungulia nacho hutulia. Ipo pia aina iliyorahisishwa, yenye muunganiko mmoja badala ya miwili. Huchukua muda mfupi zaidi, ila nyongo inaweza kurudi tumboni.

Je, tofauti ya matokeo ni kubwa? Utafiti wa Finland uliowagawa wagonjwa 240 kwa kura katika makundi mawili na kuwafuatilia kwa miaka 10 uliona kwamba waliokatwa tumbo walipoteza asilimia 43.5 ya uzito wao wa ziada, na waliounganishwa utumbo asilimia 50.7. Tofauti ipo, lakini si ya mbingu na ardhi. Tofauti iliyo kubwa zaidi ilikuwa kwenye umio: michubuko ya tindikali ilionekana kwa asilimia 31 ya kundi la kwanza, na asilimia 7 tu ya kundi la pili.

Mshipi wa plastiki uliokuwa ukifungwa juu ya tumbo, na ambao baadhi ya ndugu zetu waishio ng’ambo bado wanao, umeachwa katika nchi nyingi kwa kuwa wengi walilazimika kurudi kuutoa.

Tukirudi Ndanda, mizani hubadilika. Anayeunganishwa utumbo hupoteza njia ya kawaida ya kufyonza madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12, na atahitaji vidonge au sindano maisha yake yote. Upungufu wa B12 hujificha. Akiba ya mwilini huweza kudumu miaka kadhaa kabla ganzi ya miguu na upungufu wa damu havijajitokeza, wakati mgonjwa amekwisha kusahau kliniki. Aliyekatwa tumbo naye anahitaji vitamini, lakini akikatiza kwa muda athari huwa ndogo zaidi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, asiye na uhakika wa kupima damu kila mwaka na kununua dawa hizo asikimbilie kuunganishwa utumbo kwa sababu tu jirani alipungua zaidi.

Kuna mambo mengine ya hapa hapa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kama peremende, huweza kutoboa vidonda kwenye muunganiko wa tumbo na utumbo. Aliyefanyiwa upasuaji huo huambiwa aachane nazo, na sigara pia. Pombe huingia kwenye damu haraka na kwa wingi zaidi. Msimu wa korosho, uraka unapopatikana kila upande, glasi aliyoizoea mtu haitakuwa glasi ile ile. Bakteria wa vidonda vya tumbo, walioenea sana Afrika, hupimwa na kutibiwa kabla, kwa sababu sehemu ya tumbo iliyorukwa haifikiki tena kwa kamera ya kawaida.

Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI amweleze daktari mapema. Dolutegraviri, iliyomo katika kidonge kinachotumiwa na wengi nchini, hufyonzwa kidogo ikimezwa na kalsiamu au chuma bila chakula. Kwa kawaida humezwa saa 2 kabla ya virutubisho hivyo au saa 6 baadaye. Kwa wanawake, uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba hupanda ghafla, ilhali wataalamu hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana baada ya kuunganishwa utumbo. Sindano, kijiti au kitanzi ni salama zaidi.

Mlo nao hubadilika. Bonge la ugali wa muhogo likitangulia kwenye tumbo la vijiko viwili, halibaki nafasi ya kitu chenye protini. Samaki, mayai, kunde, mbaazi na njugu mawe viliwe kwanza, polepole, na maji yanywewe kando ya mlo. Soda na chai ya sukari nyingi humletea aliyeunganishwa utumbo jasho, kizunguzungu, mapigo ya moyo ya haraka na kuharisha.

Njia ya kufika huko huanzia karibu. Zahanati na vituo vya afya hupima uzito, shinikizo la damu na sukari; Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi na Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Benedikto Ndanda, iliyokua kutokana na misheni ya Wabenediktini ya mwaka 1906, zinaweza kumwandaa mgonjwa na kumpa rufaa. Aulize kabla ya kusafiri bima yake inalipia nini kwa maandishi. Baada ya upasuaji asiharakishe kurudi: kuvuja kwa mshono hutokea zaidi katika wiki za mwanzo, na safari ya siku nzima ndani ya basi huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Chumba cha kupanga au nyumba ya ndugu Dar es Salaam kwa wiki mbili ni sehemu ya gharama ya matibabu, nayo ihesabiwe tangu mwanzo.

Na akirudi, arudi na karatasi inayotaja jina kamili la upasuaji aliofanyiwa, tarehe yake na namba ya simu ya wodi. Aliyeunganishwa utumbo anaweza, hata baada ya miaka, kupatwa na maumivu makali ya tumbo kwa sababu utumbo umejipenyeza na kubanwa ndani. Daktari wa zamu atakayempokea Ndanda saa 8 usiku ana saa chache tu za kuokoa utumbo huo, na maneno “niliwekewa puto” kutoka kwa ndugu aliyemsindikiza yatampeleka kwenye njia isiyo sahihi.