Kuzamia Mnemba, kupimwa Mjini

Neno kuzamia kwetu sisi tulio ughaibuni lina maana inayojulikana na kila mtu, na ndiyo maana tulipowaambia jamaa zetu hapa Maryland kwamba tunakwenda Zanzibar kuzamia walicheka sana. Watu huzamia kuja huku, walisema, hawazamii kurudi. Sisi wanne tulichokusudia ni kuvaa mitungi ya hewa na kushuka kwenye matumbawe ya Mnemba, kisiwa kidogo kilichopo mbele ya Matemwe, kaskazini-mashariki ya Unguja. Wawili kati yetu ni wazaliwa wa Unguja, lakini kuzamia kwa mtungi tulijifunza ukubwani, katika maji ya baridi ya machimbo ya zamani huko Pennsylvania.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 2021. Wakati ule Tanzania ilitaka cheti cha PCR, na ukishatua unapimwa tena kwa kipimo cha haraka. Ndege yetu ilikuwa Ijumaa, 26 Novemba, siku moja baada ya Thanksgiving, na maabara nyingi zilikuwa zimefungwa. Majibu ya mmoja wetu yalifika tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege.

Siku hiyo hiyo Shirika la Afya Duniani likatangaza aina mpya ya kirusi cha corona kwa jina la Omicron. Jumatatu yake, 29 Novemba, Marekani ikawafungia mlango wageni waliotoka nchi 8 za kusini mwa Afrika, zikiwamo Malawi na Msumbiji, majirani wa Tanzania. Raia na wenye green card hawakuguswa. Mwenzetu mmoja mwenye viza ya mwanafunzi alikuwa akitoka majini tu anakimbilia simu. Tanzania haikuongezwa.

Mzamiaji ana hesabu yake nyingine isiyohusiana na corona. Ukiwa chini, naitrojeni iliyomo kwenye hewa unayovuta huingia mwilini kwa nguvu ya shinikizo, na ukipanda ndege kabla haijatoka inaweza kufanya mapovu kwenye viungo na hata kwenye uti wa mgongo. DAN, shirika linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, linashauri aliyezamia mara nyingi kwa siku kadhaa asubiri angalau saa 18. Sisi huweka 24.

Tulikuwa tumepanga hivi: kuondoka Jumatano jioni, 8 Desemba, kupimwa Mjini Jumapili, kisha kuzamia Jumatatu na Jumanne asubuhi. Alhamisi, 2 Desemba, Washington ikabadilisha sharti. Kuanzia Jumatatu, 6 Desemba, kipimo kisingekuwa cha siku 3 tena kwa waliochanjwa, bali cha siku 1, kwa kila msafiri wa kuanzia miaka 2. Tulilaumu sana, kisha tukakaa chini tukahesabu. Sharti lilihesabu siku na si saa, kwa hiyo wa kuondoka Jumatano aliweza kupimwa Jumanne saa yoyote. Kumbe siku ya kupimwa inaingiliana na saa ambazo kwa usalama wa ndege haifai kuzamia! Kipimo cha haraka kilikubaliwa pia, na kwa kuwa tiketi yetu ilikuwa moja mpaka mwisho, siku ilihesabiwa kuanzia ndege ya kwanza. Aliyekuwa na tiketi mbili mbalimbali alihesabiwa kuanzia ndege ya kuingia Marekani, na hapo wengi walikwama.

Jumatatu tulishuka mara mbili, tukaona kasa na kundi la kolekole. Mwenzetu mmoja alibaki kwenye boti. Masikio yalikuwa hayafunguki na pua imeziba kidogo, tukamwambia ni maji ya chumvi hayo.

Jumanne Mjini majibu yake yalitoka anayo.

Hakuuliza habari ya ndege wala ya kazi yake ya usiku hapa Maryland. Aliuliza habari ya mama yake, bi mkubwa wa zaidi ya miaka 70 ambaye Jumapili walikula naye sahani moja kijijini. Sisi watatu tulikuwa wazima kwa mujibu wa karatasi, tukapanda ndege tukamwacha. Hatuna maneno mazuri ya kulieleza hilo. Bima hakuwa nayo, tukachanga fedha za chumba.

Alijifungia siku 10. Njia ya kurudi ilikuwapo: sharti lile lilimruhusu aliyepona kusafiri kwa majibu ya kuwa aliugua ndani ya siku 90, pamoja na barua ya daktari. Wengi hawakulijua hilo wakaendelea kulipia vipimo. (Sharti lenyewe Marekani ililiondoa 12 Juni 2022.) Kuhusu kuzamia, aliambiwa asirudi majini mpaka daktari ampime mapafu na moyo.

Bi mkubwa, aliyekuwa amechanja, hakuugua. Kila siku alipanda daladala na bakuli lake, akaliweka mlangoni, kisha akakaa nje chini ya dirisha mpaka alasiri wakizungumza. Siku ya kwanza alileta pono wa nazi.

"Wewe umekuja kuwatazama," alimwambia. "Haya, mtazame huyu, kisha umle."