Nyigu na Funza wa Mabua (Sehemu ya Pili): Jina Lina Kazi Gani?

Ukipasua bua la mtama lililotobolewa, Nkowe au kwingineko Ruangwa, huenda ukamkuta funza amenyauka, na ubavuni pake kichungu cha vifuko vyeupe kama pamba. Ni rahisi kudhani hayo ni mayai ya funza, ukayaponda. Kumbe ni vifuko vya nyigu wa jenasi ya Cotesia. Jike lake, lenye urefu wa milimita 3 hivi, hupenya kwenye tundu la funza, likamdunga na kumwachia mayai makumi kadhaa pamoja na virusi vinavyopumbaza kinga yake. Watoto hunyonya damu ya funza, na baada ya wiki mbili hivi hutoboa ngozi na kutoka. Tofauti yake na kupe ni kwamba kupe kwa kawaida hamuui ng'ombe anayemnyonya. Nyigu huyu hukua ndani ya funza aliye hai, na mwisho wake mwenyeji huyo hufa.

Atakayeuliza faida ya kuzigawa kwa majina spishi za Cotesia zisizotofautishika hata kwa lenzi, na ayatazame yaliyotokea Kenya. Mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilimwachia pwani Cotesia flavipes, aliyetolewa Pakistani, amkabili Chilo partellus, funza wa asili ya Asia anayependa nyanda za joto. Hapo alifaa. Lakini nyigu huyohuyo akimdunga Busseola fusca, funza wa nyanda za juu, chembe za damu ya funza huyazingira mayai na kuyaua. La kustaajabisha zaidi ni la nyigu wetu wa asili, Cotesia sesamiae: mayai ya wale wa Kitale huanguliwa ndani ya Busseola, ya wale wa Mombasa hufa. Jina moja, matokeo mawili. Mwaka 2017 kundi jingine la nyigu hao lilitengwa na kupewa jina lake, Cotesia typhae. Huo si ubishi wa makabati ya makumbusho. Anayechukua nyigu kwa sura tu anaweza kupeleka shambani mdudu asiyezaa.

Zipo hoja kwamba funza aliyedungwa bado hula. Ni kweli, na bua hilo haliokolewi. Hesabu iko kwenye kizazi kifuatacho, kwa kuwa funza huyo hatatoa nondo wa kutaga. Dawa ya wadudu nayo ikipulizwa, funza aliyezama ndani ya bua haimfikii kwa urahisi. Nyigu anayetambaa juu ya majani ndiye anayeipata.