Nusu kilo ya nyama: mtoto apewe mchuzi au nyama?

Ndugu wakazi wa kambi, katika posho yetu kwa kawaida kuna unga, maharage au kunde, mafuta na chumvi. Nyama haimo. Anayepata vibarua akauza au akalima kidogo hununua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, na siku hiyo harufu hufika hadi nyumba ya tatu.

Nyama hiyo inagawiwaje? Katika nyumba nyingi vipande vinakwenda kwa baba na mgeni, na watoto wadogo wanapewa ugali na mchuzi. Wazee wetu walituambia kwamba nguvu yote ya nyama imeingia katika mchuzi. Kwa heshima yao, sivyo. Mchuzi una ladha, chumvi na mafuta, lakini madini ya chuma yanayotengeneza damu, pamoja na sehemu kubwa ya protini, hubaki ndani ya nyama yenyewe. Mama mjamzito na mtoto aliyetimiza miezi 6 ndio wanaopungukiwa damu upesi, tena ndio wanaoachiwa maji ya sufuria.

Mtoto ambaye hajaota meno anaweza kula nyama. Chukua kipande kilichoiva sana, kitwange katika kinu safi hadi kiwe laini, uchanganye na uji au ugali laini. Vijiko viwili vinatosha kuanzia. Anaendelea kunyonya kama kawaida.

Tena, nyama kidogo husaidia mwili kuchukua chuma iliyomo katika maharage na majani. Kwa hiyo usiipike peke yake. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, uyachemshe hadi yaive kabisa. Kata nyama vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba, kaanga na kitunguu, ongeza maji, funika. Ng'ombe mzee anaweza kuchukua saa mbili. Vipande vidogo, kuni kavu na mfuniko vinapunguza muda na kuni. Ikilainika tia maharage na nyanya, kisha lengalenga dakika chache za mwisho. Chumvi yenye madini joto iwekwe mwishoni ili madini hayo yasipotee. Mkipika sombe, itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu inayotoka na mvuke.

Kukiwa na limau, kamua juu ya mboga. Chai isubiri saa moja baada ya kula, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Najua wengine hapa hawataniunga mkono!

Sasa sokoni. Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi wa mifugo. Ukiona vitone vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, iache, hayo ni mayai ya tegu yaliyokwisha kuwa viluwiluwi. Nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe usiinunue hata kwa bei ya bure. Huenda alikufa kwa kimeta, na vijidudu vya kimeta huweza kustahimili kuchemshwa. Hata anayemchuna anaweza kuambukizwa kupitia kidonda cha mkononi. Mtoe taarifa kwa mhudumu wa afya wa kijiji chenu.

Nyama mbichi isikatwe kwa kisu kinachokata nyanya kabla kisu hakijaoshwa kwa sabuni. Chakula kilichobaki kisikae zaidi ya saa mbili katika joto letu. Kikibaki, kichemshwe hadi kitoe mapovu kabla ya kuliwa, na kikiwa kimelala bila kuchemshwa, mtoto asipewe.

Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki asiviache kwa sababu amekula nyama. Ukiona viganja vya mtoto vimekuwa vyeupe, amelegea au anahema haraka, mpeleke zahanati siku hiyohiyo, hata kama jana alikula vizuri.